Farasi 380 Walipotelea Wapi?



Ndugu msomaji, juma lililopita niliahidi kuendelea na suala la akiba ya familia na gharama za harusi. Naomba radhi, ahadi hiyo nitaitimiza juma lijalo in shaa Allah. Nilikuwa Muscat kwa siku kumi na moja kuhani msiba wa mama yetu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, na huko nilikuta jambo ambalo halijanitoka akilini. Ndugu zangu wawili, mmoja mtoto wa marehemu na mwingine mtoto wa mama yetu mdogo, walikuwa wameketi kwenye jamvi moja la tanga, huyu mwanzo na yule mwisho, kila mmoja akipokea mkono wa pole bila ya kumtazama mwenziwe. Nikauliza kulikoni. Nikaambiwa: ni farasi.

Wala si farasi wa kupanda. Miezi minne kabla ya msiba, mtoto wa marehemu alikuwa amemuuzia mwenziwe pikapu. Fedha alizihitaji kwa matibabu ya mama yake, na mnunuzi alilijua hilo, ndiyo maana hakuvuta bei. Gari lenyewe ni Ford F-150 Lightning ya mwaka 2003, iliyotengenezwa Kanada na kitengo cha kampuni hiyo kilichoitwa SVT, na kuletwa Oman ikiwa imeshatumika. Kwa umbo ni gari la mizigo. Kwa injini ni jambo jingine. Ina silinda nane na ujazo wa lita 5.4, na juu yake imekaa supachaja, yaani pampu inayoendeshwa kwa mkanda wa injini na kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta yenyewe. Kiwandani iliandikiwa nguvu za farasi 380.

Mnunuzi, kwa shauku ya kijana aliyepata alichokitamani, aliipeleka katika gereji moja ya eneo la Ghala ili ipimwe. Karatasi ikatoka imeandikwa farasi 302. Akampigia simu ndugu yake: farasi sabini na wanane wako wapi? Yule akajibu kwa kumtumia karatasi yake ya zamani, kutoka gereji nyingine, iliyoandikwa 335. Basi kukawa na nambari tatu kwa gari moja, 380, 335 na 302, na kila mmoja akiamini kwamba mwenziwe amesema uongo. Mama zao waliingia kati, ikashindikana. Mama mkubwa akafariki dunia hali ya kuwa watu hao hawaamkiani.

Walinichagua mimi kuwa msuluhishi kwa sababu mbili: mama yangu ndiye dada wa kati, na mimi ndiye ninayeandika hati za watu msikitini. Kuhusu magari sikuwa na elimu yoyote. Mimi hupanda pikipiki, na nguvu yake sijapata kuiuliza maadamu inanifikisha. Nikawaambia kwamba sitasema neno mpaka niione hiyo mashine inavyofanya kazi. Siku ya nne baada ya maziko, baada ya sala ya Isha, tukaenda Ghala sote watatu, katika pikapu hiyohiyo. Hakuna aliyezungumza njia nzima.

Mashine ya kupimia nguvu za injini huitwa dainamomita. Iliyoko katika gereji ile imezikwa sakafuni. Kinachoonekana juu ni migongo ya mapipa mawili mazito ya chuma. Gari hurudishwa nyuma taratibu mpaka magurudumu yanayoendeshwa na injini, ambayo kwa pikapu ile ni ya nyuma, yakae juu ya mapipa. Kisha hufungwa kwa mikanda minene iliyonasa kwenye pete za sakafuni ili lisiruke. Fundi alitumia muda mrefu katika kufunga kuliko katika kupima. Alitueleza kwamba mikanda ikilegea gari litacheza na linaweza kuua mtu. Ikikazwa kupita kiasi, tairi hugandamizwa mno kwenye chuma na kula nguvu ambayo karatasi haitaionesha. Akapima upepo wa tairi. Akaweka feni kubwa mbele ya rejeta, akaunganisha bomba la kutolea moshi nje, akatukabidhi vya kuziba masikio.

Halafu akaingia garini na kupanda gia moja baada ya nyingine mpaka ya tatu. Nilimuuliza kwa nini si ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho. Akasema kwamba katika giaboksi ya gari lile gia ya tatu ndiyo ya moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela shafti nayo huzunguka mara moja, bila ya giaboksi kuongeza wala kupunguza kitu. Kutoka mizunguko ya chini akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Ndugu msomaji, nimesimama karibu na treni ikipita. Hiyo ilikuwa tulivu. Ukelele wa supachaja ulipanda, nguzo za gereji zikatetemeka, na kabla sijamaliza kusema Subhanallah fundi alikuwa ameshaachia mafuta na mapipa yanapungua mwendo. Kipimo chenyewe hakikufika hata nusu dakika.

Mashine haiioni injini. Inachokijua ni uzito wa mapipa yake na jinsi uzito huo umetawanyika, na inachokitazama ni muda unaopita mapipa yakiongeza kasi kutoka hapa hadi pale. Chuma kizito hakiharakishwi bure. Ikijulikana kasi imeongezeka kwa upesi gani, hujulikana ni nguvu gani imekisukuma. Ziko mashine za aina nyingine zinazoyazuia mapipa kwa breki ya sumaku na kupima ukinzani wake, na ziko zinazofungwa moja kwa moja kwenye vikombe vya magurudumu baada ya tairi kuvuliwa. Wazo ni la zamani. Mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony alibuni mwaka 1821 breki ya mbao inayokaba gurudumu la mashine, yenye mkono mrefu uliotundikwa mawe ya mizani, na Mwingereza William Froude akatengeneza mwaka 1877 breki ya maji kwa ajili ya kupima injini za meli za kivita.

Na huyo farasi mwenyewe ni nani? Ni kipimo alichokiweka James Watt katika karne ya 18, alipokuwa akiwauzia injini za mvuke watu waliozoea kazi ya farasi. Alikadiria kwamba farasi mmoja anaweza kunyanyua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Kwa hesabu za leo ni takriban wati 746. Basi tangu mwanzo farasi huyu alizaliwa dukani, mikononi mwa muuzaji, na pengine ndiyo sababu hadi leo hatulii anapouzwa. Hata ukubwa wake si mmoja: farasi wa Ulaya na wa Japani ni mdogo kidogo, takriban wati 735, kiasi kwamba farasi 380 wa Marekani huwa 385 wakihesabiwa kwa kipimo hicho, na hakuna hata mmoja aliyeongezeka.

Sasa turudi Ghala. Kioo cha kompyuta kilionesha 307. Mnunuzi akanigeukia kwa ushindi. Fundi akatabasamu, akalifungua faili la kipimo cha kwanza kilichofanywa siku ile ya ugomvi, ambalo bado alikuwa nalo. Hapo palikuwa na 302, na pembeni hali ya hewa ya wakati ule: baada ya Alasiri, joto nyuzi 44. Akabonyeza mahali pamoja kwenye kioo. Ile 302 ikageuka 322. Akabonyeza tena, ikawa 335. Gari halikuguswa. Lilikuwa limezimwa, nalo lilipimwa majuma kadhaa nyuma.

Tulinyamaza. Muuzaji ndiye aliyesema kwanza: "Kumbe hii mashine husema upendalo?"

Hapana, ingawa namfahamu aliyeuliza hivyo. Injini hula hewa, na hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ya Muscat wakati wa kiangazi ni ya moto na ina mvuke mwingi wa bahari, kwa hiyo katika kila pumzi injini hupata oksijeni pungufu na kutoa nguvu pungufu. Gari lilelile likipimwa mahali penye baridi litatoa zaidi. Ili watu wa sehemu mbalimbali waweze kulinganisha, jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, SAE, iliweka hewa ya kiwango: joto nyuzi 25 na kanieneo ya hewa kavu kilopaskali 99. Kompyuta hupima hewa ya gereji, kisha hukadiria injini ingetoa nguvu gani katika hewa ya kiwango. Kipimo cha Alasiri cha 302 kikisahihishwa hivyo huwa 322. Kipimo chetu cha usiku, katika joto la nyuzi 34, kilikuwa 307, na kikisahihishwa huwa 321. Yaani tofauti ya farasi watano iliyoletwa na jua imebaki ya farasi mmoja. Nilipoiona hesabu hiyo ndipo nilipoanza kuiamini mashine.

Na ile 335? Hiyo ni kwa kanuni ya zamani zaidi, ambayo hewa yake ya kiwango ni ya baridi, kiasi cha nyuzi 15 na nusu, na nzito zaidi. Nambari zake huzidi za kanuni mpya kwa takriban asilimia nne. Gereji nyingi huipenda kwa sababu mteja huipenda. Tuliitazama vizuri karatasi ya zamani ya muuzaji, na kweli, chini kabisa, kwa herufi tatu ndogo kuliko nzi, ilikuwa imeandikwa kwamba kanuni iliyotumika ni hiyo. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyesoma. Kwa maoni yangu nambari hiyo ndiyo mbaya kuliko zote tatu, kwa kuwa inakidhi haja ya anayetaka kujisifu na haimsaidii anayetaka kujua.

Imebaki 380, na hapa ndipo penye kesi yenyewe. Kiwanda hupima injini ikiwa peke yake juu ya meza ya vipimo, nguvu ikichukuliwa kwenye shafti ile wanayoiita mafundi krenki. Gari likiwa zima, nguvu hiyo hupita giaboksi ya otomatiki yenye mafuta ya kukoroga, propela shafti, difu, ekseli na tairi zinazojikunja juu ya chuma, na kila kimoja huchukua ushuru wake kwa njia ya joto. Kutoka 380 hadi 322 ni upungufu wa asilimia 15 hivi. Fundi alisema kwamba pikapu mbili za aina hiyohiyo zilizopita katika mapipa yake zilitoa 318 na 326. Maana yake gari la ndugu zetu ni zima kabisa. Watu wengi huchukua hiyo asilimia 15 kama amri, wakaizidisha kwa kila gari, fundi hakuikubali. Gari linaloendesha magurudumu manne hupoteza zaidi, gari dogo la gia za mkono hupoteza pungufu, na mwenye kutaka kujua nguvu ya krenki hana budi kuing'oa injini.

Isije ikadhaniwa kwamba kila upungufu una udhuru. Kitengo hichohicho cha SVT kilitoa mwaka 1999 gari la Mustang Cobra lililoandikiwa farasi 320. Wenye magari wakayapandisha kwenye mapipa, wakaona hesabu haifiki hata baada ya kuondoa ushuru wa njiani. Hawakunyamaza. Agosti ya mwaka huo Ford ilisimamisha mauzo na kuyaita magari yaliyokwisha kuuzwa ili yabadilishwe njia ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi, na kompyuta ya injini. Mwaka 2001 Mazda nayo ilikiri huko Marekani kwamba gari lake dogo la Miata lililotangazwa kuwa na farasi 155 lilikuwa nao 142, na ikajitolea kuyanunua tena magari hayo kwa wasioridhika. Kampuni kubwa zilizoshindana na karatasi za gereji, zikasalimu amri.

Basi nikawauliza ndugu zangu swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza: katika kuuziana, mlisema nini hasa? Mnunuzi alikuwa bado na ujumbe wa sauti katika simu yake. Akatusikilizisha, mle mle gerejini. Sauti ya muuzaji ilisema wazi: farasi 380 kwenye magurudumu.

Kwenye magurudumu. Angesema za kiwandani, asingekuwa na la kujibu. Neno hilo moja liliwahamisha farasi kutoka krenki hadi kwenye tairi bila ya kulipa ushuru wa njia. Alipolisikia aliinamisha kichwa na kusema kwamba ndivyo alivyoambiwa na yeye aliyemuuzia, wala hakujua kuwa kuna tofauti. Namsadiki. Lakini wasomaji wa safu hii wanajua kwamba Qur'ani ina sura nzima iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin, na wanajua pia kwamba anayeuziwa kitu kwa sifa aliyoikusudia, kisha sifa ile isipatikane, ana hiari ya kukirudisha na kuchukua fedha zake. Kutokujua kunaondoa dhambi ya kukusudia. Haki ya mnunuzi hakuiondoi. Nikalisema hilo mbele yao wote wawili, na haikuwa rahisi kulisema mbele ya mtu aliyezika mama yake siku nne nyuma.

Muuzaji akasema hana fedha za kurudisha. Zilikwisha hospitali.

Hapo mnunuzi aliondoka, akaenda kusimama nje karibu na geti. Fundi akaanza kufungua mikanda polepole, kama mtu anayejua kwamba si wakati wa kuharakisha. Nilitaka kumfuata nje, nikajizuia. Aliporudi alimuuliza fundi, si sisi: "Kwa hiyo injini haina ugonjwa?" Fundi akamwambia kwamba haina, na kwamba akitaka kuiongezea nguvu aifanyie marekebisho kisha airudishe kwenye mapipa hayahaya, kwa kanuni hiihii ya hewa, kwa kuwa kazi ambayo mashine hii huifanya vyema kuliko zote ni kulinganisha gari na lenyewe, kabla na baada. Karatasi ya gereji moja na ya gereji nyingine ni mashahidi wasiojuana.

Mnunuzi akasema, basi gari nalibakisha, na fedha sitaki. Akamtazama ndugu yake kwa mara ya kwanza usiku ule. "Lakini useme kwa mama mdogo kwamba sikukuzulia."

Mama mdogo huyo ni mama yake mwenyewe, ambaye kwa miezi yote minne alimlaumu yeye. Muuzaji alilisema hilo siku ya pili, asubuhi, mbele ya wanawake wote wa nyumba ile. Alilisema vibaya, kwa kigugumizi, na mwisho akaongeza kwamba hata hivyo 335 nayo ni nambari ya kweli. Tulimwacha nayo.

Kazi yangu ilikuwa kuandika upya hati ya mauzo, kwa kuwa ile ya kwanza ilitaja rangi na bei tu. Niliandika hivi: injini ya asili, nguvu ya kiwandani farasi 380 kwenye krenki, nguvu kwenye magurudumu ya nyuma farasi 321 kwa kanuni ya sasa ya SAE, gia ya tatu, joto la gereji nyuzi 34, kipimo cha kwanza cha usiku ule. Hilo la mwisho nilishauriwa na fundi, kwa sababu injini yenye supachaja ikipimwa mfululizo hupata joto na nambari hushuka. Wajanja huchagua iliyo kubwa na kuzificha nyingine. Wote wawili wakatia saini, nami nikatia saini ya shahidi. Mnunuzi akauliza kama kuna haja ya kuandika pia upepo wa tairi. Nikaandika.

Tukutane juma lijalo, in shaa Allah, tuzimalize zile gharama za harusi.